Faridi wa Nyota Tano: Mwanaume Uani

Mwiko wa Bi Aliya ulikuwa juu, na kichwa cha Tahira kilikuwa chini yake.

Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita, na najua wapo waliolala vibaya. Basi amkeni. Tahira bado amesimama katikati ya ua wa harusi hapa Rumonge, koti la kazi limefungwa hadi shingoni, kaske ya pikipiki imemfunika kichwa na uso, sinia la zawadi liko mikononi. Ua umejaa wanawake wa kanga moja, nywele wazi, liwa mashavuni. Wote wanapiga kelele ile ile.

"Mwanaume! Mwanaume uani!"

Na wewe uliyeazima gazeti hili kwa jirani, chukua habari upesi kabla mwiko haujashuka. Tahira anabeba abiria na mizigo kwa pikipiki kupitia Nileteye, ile kampuni ya kwenye simu ambayo ukibonyeza tu, dereva anakuja. Mwanzo alijiandikisha kwa jina lake na picha yake. Akakaa kando ya barabara ya Nyanza-Lac hadi jua likamchoka. Kila mteja akiona sura ya mwanamke anaandika: "Mtume mwanaume." Nileteye wakamwambia wanawake wenzake wanachukua kazi za kufua na kupiga deki, kwa nini yeye asifue? Ndipo akafungua kompte, yaani akaunti, ya pili kwa jina na uso wa mdogo wake, Faridi. Tangu siku hiyo simu haijapoa, na Faridi ndiye dereva mwenye nyota tano nyingi kuliko wote mwambao huu.

Faridi mwenyewe anashinda bandarini akicheza karata. Kila Jumamosi anachukua fungu lake, analiita kodi ya uso. Uso wenyewe, tuseme kweli, si wa kukodishwa.

Leo bwana harusi katuma sinia kutoka Bujumbura, udi na manukato, akasisitiza likabidhiwe mkononi mwa Bi Aliya, mama wa bibi harusi. Tahira akalikuta geti wazi, akapita moja kwa moja. Tangu utotoni ameingia kila ua wa harusi mjini hapa bila kubisha hodi. Alisahau jambo moja tu, kwamba leo yeye ni mwanaume.

"Ngoja, Bi Aliya!" Sauti ilitoka ndani ya kaske. "Miye siye mwanaume!"

"Wote husema hivyo wakishikwa!"

Mwiko ukaanza safari. Tahira akaweka sinia chini, akavuta kaske kwa mikono miwili. Zikatoka hereni, kikatoka kitambaa cha kichwa, ikatoka mikia miwili ya nywele iliyosukwa jana yake.

Mwiko ukasimama kwenye paji la uso, karibu na nyusi. Punje moja ya pilau ikadondoka kwenye pua ya Tahira.

"Jamani!" alisema Agneta, mwalimu jirani, ambaye amezaliwa na kusomea kambi ya wakimbizi Tanzania na mpaka leo hawezi kushangaa bila jamani. "Huyu si Tahira, binti wa marehemu Ayubu?"

"Ndiye," walijibu wenzake.

"Na Faridi wangu iko wapi?" aliuliza Bi Aliya. "Faridi wa nyota tano, yule ananileteaga mawese toka Kigwena bila kumwaga hata tone?"

"Ndiye miye, Bi Aliya."

"Yule ananiandikiaga 'Mungu akubariki mama' kila siku?"

"Ndiye miye."

Bi Aliya aliketi juu ya kinu. Agneta alishika kifua, na sauti yake ilikuwa ya msiba kabisa. "Mimi nilishaanza kumpigia hesabu amwoe mdogo wangu. Nikasema, kijana ana adabu, anafika kwa wakati, hanuki pombe. Kumbe ndiyo maana!"

Ua ukapasuka kwa kicheko. Wanawake walishikana mabega, mmoja akajimwagia liwa. Tahira naye akacheka, kwanza kwa woga, halafu kwa raha. Miezi yote hii alikuwa hajacheka na mtu kuhusu jambo hili.

Kicheko kilikatwa na geti.

Geti, ambalo sasa lilikuwa limefungwa, lilipigwa kwa ngumi, mara nyingi mno kwa mtu mwenye heshima. "Faridi! Toka inje! Miye ni shefu Lukeba!"

Tahira akajibanza nyuma ya Agneta. Lukeba ni mkubwa wa Nileteye hapa Rumonge, mtu wa tai hata kwenye joto la Agosti.

"Banasema weye iko unacheza karata kwa bandari saa ile ile simu inaonyesha uko Gitaza na mizigo ya samaki ndagala!" Lukeba alipaza sauti mtaa mzima usikie. "Faridi wa aina gani iko fasi mbili? Leo nimekufuata na macho yangu. Nimeona moto yako, pikipiki hii hapa, nimeona kaske yako ikiingia. Toka, ama tuma foto!"

Msomaji, hiyo foto ndiyo balaa. Nileteye wametoa amri mpya: dereva akikabidhi mzigo, lazima ajipige picha ya uso pale pale alipo. Simu yenyewe inajua mahali, haidanganywi. Ukichelewa, kompte inafungwa. Kwenye simu ya Tahira ule mstari mwekundu wa kungoja ulikuwa umekwisha kuanza kusogea.

"Aingie basi atutafute!" alidakia mmoja.

"Nani aingie?" Bi Aliya alisimama juu ya kinu. "Siku ya kumsinga binti yangu Nafisa? Hata polisi hapiti hapa." Akamgeukia mama yake mzazi, Bi Mariyamu, mwenye fimbo na masikio yanayosikia anachotaka. "Mama, kaa pale kwa geti. Asipite mutu bila kigelegele."

Ndiyo desturi ya nyumba ile: mwanamke akifika siku ya bibi harusi kusingwa kwa liwa, anapiga kigelegele mlangoni, ndani wanamjibu, pazia linafunguliwa. Bi Mariyamu akaenda kukaa nje ya geti, fimbo mapajani. Kumbukeni kwamba alikwenda wakati huo, kabla ya yaliyofuata kupangwa. Wenzake hawakukumbuka.

"Sasa?" Agneta alimuuliza Tahira kwa sauti ya chini. "Picha inataka uso wa Faridi?"

"Uso wa Faridi, hapa hapa, uani kwenu. La sivyo kazi imekwisha. Nina mutoto, nina mama, sina kazi ingine. Kufua nimefua, mgongo ulikatala."

"Basi Faridi aje."

"Mwanaume?" Bi Aliya aliinua tena mwiko. "Nimekoswa na mmoja, muniletee wa pili?"

Agneta alikohoa kidogo, kama afanyavyo akitaka kumsaidia mwanafunzi kwenye mtihani. "Nani kasema aje kama mwanaume?"

Walitazamana. Kisha Bi Aliya akaanza kutikisa kichwa, polepole, huku midomo ikimsaliti kwa tabasamu.

"Ataishia kwa kibaraza, nyuma ya pazia. Atafumba macho."

"Foto inataka macho wazi," alisema Tahira.

"Jicho moja."

"Yote mawili, Bi Aliya."

"Basi atazame ukuta! Na asipumue sana. Mungu anisamehe, ni kwa ajili ya mawese yangu."

Tahira akapiga simu. Upande wa pili karata zilisikika zikigongwa mezani.

"Faridi, vaa buibui ya mama na ushungi, fanya mbio uje kwa Bi Aliya."

"Dada, rudilia. Nimesikia sawa vile umesema buibui."

"Umesikia vizuri."

"Basi kodi ya uso inapanda."

"Kompte ikifungwa hakuna kodi, Faridi."

Hapo karata zikanyamaza. Habari ya kodi ilimwingia kuliko habari ya dada yake.

Mstari mwekundu ulikuwa umevuka nusu wakati Tahira, jicho kwenye tundu la geti, alipomwona anakuja. Ewe Mola! Mama yao ni mfupi, Faridi ni mrefu. Buibui iliishia kwenye magoti ya suruali iliyokunjwa, chini yake miguu yenye nywele, na chini kabisa viatu vya kuchezea mpira, vya kijani. Uso ulikuwa umefunikwa vyema, macho tu yanaonekana, nayo yamejaa lawama.

Lukeba alikuwa ameegemea pikipiki ya Tahira. Alipoona mwanamke anakaribia, akasimama wima, akarekebisha tai.

"Amahoro, mama. Pita, pita. Miye iko kazini tu, usiogope."

Faridi akainamisha kichwa kwa haya. Tahira karibu ashangilie. Hatua chache tu, pazia, picha, basi!

Fimbo ikashuka mbele ya kifua cha Faridi.

"Kigelegele," alisema Bi Mariyamu.

Tahira alifumba macho. Nyuma yake Bi Aliya alinong'ona, "Mama, mwache apite." Lakini hiyo ilikuwa sauti ambayo Bi Mariyamu hakutaka kuisikia.

"Nasema kigelegele, bibi. Weye umekuja kwa harusi ama kwa matanga?"

Faridi alitazama kushoto, akatazama kulia. Akavuta pumzi. Kilichotoka kilianza kama jogoo, kikapita kwa mbuzi, kikaishia kikohozi.

Hata mwenye kusukuma baiskeli ya mikungu ya chikichi alisimama.

"Huyu iko mugonjwa?" aliuliza Bi Mariyamu, akiwa na huruma ya kweli, na kwa kuwa yeye ni mwanamke mzee asiyezuiwa na lolote, akanyoosha mkono akainua ushungi amtazame koo.

Akakuta masharubu.

"Yarabi! Wa pili!"

Mwendo wa fimbo sitausimulia, kuna wazee wanasoma. Faridi alikimbia akiizunguka pikipiki, buibui ikapasuka, na alipojaribu kuruka mtaro akaangukia mikononi mwa Lukeba.

Lukeba alimtazama uso. Akatazama simu yake yenye picha ya uso ule ule. Akatazama geti.

"Faridi," alisema polepole, "kama weye iko hapa inje, nani iko ndani na kaske?"

Njia ya mwongo ni fupi, na hii ilikuwa imeishia getini kwa Bi Aliya.

Uani wote walimgeukia Tahira. Bi Aliya alimshika mkono. "Pita nyuma, mwanangu, uingie kwa michikichi. Hajakuona sura. Tutasema hatukujui."

Ilikuwa rahisi. Tahira aliiona kabisa njia, akajiona kesho akitafuta uso mwingine wa kukodi, uso wa binamu, uso wa jirani. Nje Faridi alikuwa analia, "Siyo miye, shefu, miye sijui hata kuendesha!" na Lukeba anamwambia kwamba wizi wa kompte una polisi wake.

Tahira alimwonea Faridi huruma, ndiyo. Lakini zaidi ya huruma alihisi hasira. Barabara ya Kigwena alikuwa anaijua shimo kwa shimo. Mvua alikuwa amenyeshewa yeye. Zile nyota zilikuwa zake, na sasa akimbie kama kibaka aliyeiba kazi yake mwenyewe?

Maji alikwisha kuyavulia nguo. Akafungua geti, akatoka bila kaske.

"Mwache mutoto wa watu, shefu. Faridi ni miye."

Lukeba aliachia buibui. Akamtazama kuanzia hereni hadi buti.

"Weye? Safari za Nyanza-Lac na mvua?"

"Miye."

"Yule musee mugonjwa wa Gitaza, ulimushikilia mpaka hospitali?"

"Nilimfunga na kanga kwa mgongo wangu. Alidhani ni kanga ya mke wangu, akanisifu kwa kumpenda."

Kwa haki, Lukeba alitaka kucheka. Akaumeza. "Amri ni amri," alisema, akabonyeza simu yake. Ya Tahira ikatetemeka mkononi. Mstari mwekundu ukatoweka, na zile nyota tano zikawa kijivu, zikafutika. Kompte imefungwa.

Tahira alitazama pale zilipokuwa. Akapangusa kioo kwa kidole, kama vumbi ndilo lililozifunika.

"Uko na kompte yako ingine, ya jina lako," alisema Lukeba, aliyekwisha kuitambua sura yake, na sasa hakuwa akipaza sauti. "Ile haijafungwa. Imelala tu, maana haina hata safari moja."

"Kwa sababu nyinyi hamkunipa!"

"Miye nilikutuma, Tahira. Wakliyenti walikukatala. Unataka kujua akina nani?" Akanyoosha kidole kumpita yeye, kuelekea getini, ambako wanawake walikuwa wamejifunga mitandio na kujazana kutazama. "Waulize hawa."

Vicheko vyote vya mchana ule vilikwisha hapo.

Agneta ndiye aliyeanza, macho yako chini. "Mimi niliandika mtume mwanaume. Nilikuwa na mayai. Nikasema mwanamke ataangusha."

"Na ukampa Faridi nyota tano kwa mayai hayo hayo," alisema Tahira.

"Hata moja halikuvunjika. Jamani, najionea aibu."

"Nami nilikukatala," alisema Bi Aliya. "Mara nyingi. Nikasema huyu mwanamuke amekosa mume wa kumtuliza. Na kila siku ulikuwa unaniombea Mungu anibariki." Alipangusa pua kwa upindo wa kanga. "Wanaume wa bandarini tunawasema kila siku. Kumbe nyani haoni kundule."

Tahira alikuwa na maneno makali tayari, amechagua na la kuanzia. Lakini ni vigumu kumtukana mtu anayelia na mwiko mkononi.

"Sitaki machozi, Bi Aliya," alisema. "Machozi hayana nyota."

Bi Aliya akaacha kulia papo hapo. "Simu yangu! Nani ameketi juu ya simu yangu?"

Msomaji, ungeona vurugu. Kila mmoja alikimbilia simu. Agneta alitaka kwenda shuleni, ingawa shule imefungwa. Bi Mariyamu alitaka apelekwe popote, maadamu ni kwa pikipiki. Walianza kugombea nani awe mteja wa kwanza wa Tahira kwa jina lake, na Faridi, buibui mabegani, akauliza kama kuna kodi yoyote katika mpango huu mpya. Fimbo ikamjibu.

Lukeba aliinua kidole. "Sikilizeni. Kompte yenye ililala, safari ya kwanza haikataliwi. Akikatala hiyo, mashini inaifunga kabisa, na miye siwezi kuifungua. Yoyote itakayokuja, Tahira, unakubali."

"Nitakataa kwa sababu gani?" Tahira alicheka. Akafungua kompte yake ya zamani. Picha yake mwenyewe ikamtazama, imevaa kitambaa cha manjano. Alipenda kuiona.

Simu ikalia.

"Ni mimi!" alisema Agneta.

"Umeandika nini weye, hata kufungua hujafungua!" Bi Aliya alikuwa bado anatafuta miwani.

Tahira alisoma, na tabasamu likabaki usoni bila mwenyewe.

*Mteja: Nafisa. Abiria mmoja. Kutoka: hapa. Kwenda: Kigwena, kwa mwalimu Silvano. Ujumbe: Niko dirisha la nyuma na mfuko wangu. Sitaki ndoa hii, dada Tahira. Mama asijue.*

Chini yake vitufe viwili, KUBALI na KATAA, na mstari mwekundu ulikuwa umeanza kusogea.

Mkono wa Bi Aliya, wenye harufu ya liwa na pilau, ulimzunguka mabega.

"Nani huyo mteja wa kwanza, mwanangu?" aliuliza mama wa bibi harusi kwa furaha. "Soma kwa sauti, tumuombee dua."